Tofali, mchanga wa ziwani au akadama: udongo upi kwa bonsai ya Mwanza?

Anayeanza kutunza bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo ndani ya chungu kifupi, hapa Mwanza hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza hutoka kwa wauza miche wa kando ya barabara: udongo mweusi nusu, samadi nusu, changanya, panda. Wa pili hutoka Japani kupitia simu ya mkononi: akadama (mfinyanzi wa punje wa hukohuko), pamisi (jiwe jepesi la volkano) na jiwe jeusi la volkano, kila kimoja theluthi. Ule wa kwanza unafaa kwa mche wa mwembe ulio kwenye kiriba, maana hautakaa humo muda mrefu. Wa pili unamfaa mtu wa Saitama. Mwenye mkuyu kwenye chungu chenye kina cha sentimita tano, nyumba ikiwa juu ya majabali ya Bugando, itabidi atafute njia yake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa Mwanza, msingi wa udongo wa bonsai ni tofali la kuchoma lililovunjwa na kuchekechwa. Vingine huongezwa au kupunguzwa kwa kuangalia mambo mawili: ni mti gani, na nani anaumwagilia. Hilo la pili watu hulisahau, kisha hulaumu mti.

Chungu kifupi kina tabia yake

Kabla ya kulinganisha chochote, fanya jaribio moja. Kata kipande cha sponji ya godoro, kiwe na umbo la tofali. Kiloweshe mpaka kijae maji, kisha kiinue kikiwa kimelala bapa kiganjani na usubiri kiache kudondosha. Sasa kisimamishe wima. Maji yatatoka tena, na mengi, ingawa hujakiminya hata kidogo. Sponji ni ileile. Kimeongezeka kimo tu.

Udongo ndani ya chungu hufanya vivyo hivyo. Ukishamwagilia, na maji ya ziada yakishatoka tunduni, chini hubaki tabaka lililoloa chepechepe lisiloweza kujitoa lenyewe. Nafasi ndogo kati ya chembe na chembe hulishikilia. Unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe, wala hautegemei kina cha chungu. Chembe laini hushikilia tabaka nene, punje kubwa hushikilia jembamba. Udongo wa bustani ukiacha sentimita kadhaa za chepechepe chini ya ndoo ya lita ishirini, mti hauna habari, kwa sababu juu yake kuna nafasi tele ya mizizi kupumua. Weka udongo huohuo kwenye trei ya bonsai na chepechepe hiyo ndiyo trei nzima. Mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yanageuka njano, na mwenye mti anadhani una kiu. Anaongeza maji.

Hapa ndipo mazoea ya kutandika kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke" yanaposhindwa kazi. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka la chepechepe halitoweki. Linapanda tu na kukaa juu ya kokoto, karibu zaidi na shina. Kwenye chungu kirefu hasara hiyo huvumilika. Kwenye chungu cha bonsai umejipunguzia kina ambacho tayari kilikuwa kidogo. Weka kipande cha wavu juu ya tundu ili udongo usimwagike, basi. Najua wapo wazee wa bustani watakaonikatalia, nami siwabishii kwenye vyungu vyao vya mita nzima.

Kwa hiyo kila kitu tutakachokilinganisha hapa kinapimwa kwa maswali yaleyale. Punje zake zina ukubwa gani? Zinakunywa maji ndani yake au zinaloa juu tu? Zinadumu kwa muda gani kabla ya kugeuka tope?

Luseni na mbuga

Wasukuma wana majina yao ya udongo, na mawili yanatutosha. Luseni ni ule wa kichanga uliozaliwa na granaiti ya vilima vyetu. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, wenye mfinyanzi mwingi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Mpunga na pamba vimelisha familia nyingi kutoka kwenye mbuga. Kwenye chungu kifupi haufai hata kidogo: ukilowa hauna hewa, ukikauka unajikunja na kuachana na kuta za chungu, na nyufa zake hukata mizizi myembamba. Maji utakayomwaga baada ya hapo yatapita pembeni na kutoka chini bila kugusa kiini.

Luseni una nafuu. Una mchanga wa kutosha kupitisha maji, lakini chembe zake ni za saizi zote, na hizo ndogo hujaza nafasi za kubwa. Nautumia sehemu moja tu: kwa mti mchanga ambao bado unanenepeshwa shina kwenye ndoo iliyotobolewa au karai kuukuu. Hapo kina kipo, na mti unataka kukua kwa nguvu. Luseni sehemu moja, tofali sehemu moja, mboji sehemu moja, mchezo umekwisha. Siku ukihamia kwenye chungu cha maonyesho, luseni hubaki nyuma.

Tofali na akadama, bega kwa bega

Akadama ni mfinyanzi wenye asili ya majivu ya volkano, unaochimbwa katika eneo la Kanto nchini Japani, kisha kukaushwa na kuchekechwa kwa saizi mbalimbali. Sifa zake ni za kweli. Punje hunywa maji ndani yake huku nafasi kati ya punje na punje zikibaki na hewa. Hushika mbolea na kuiachia taratibu. Ikiwa kavu ni ya kahawia hafifu, ikilowa hukolea, kwa hiyo jicho linaona wakati wa kumwagilia umefika. Mizizi myembamba huweza kupenya ndani ya punje na kuzipasua, jambo linaloongeza matawi ya mizizi, na bonsai huishi kwa matawi hayo.

Angalia lakini ilikotoka. Kijiji cha bonsai cha Omiya kilianza mwaka 1925, pale watunza miti wa Tokyo walipohamia Saitama baada ya tetemeko kubwa la ardhi la 1923. Mikoa inayochimbwa udongo huo ni jirani zao. Walichukua kilichokuwa karibu, wakakijua vizuri kwa miaka mingi, ulimwengu ukaiga. Sioni kwa nini na sisi tusianze na kilicho karibu yetu.

Karibu yetu kuna tanuru za matofali. Toka mjini kuelekea Kisesa, Usagara au Misungwi utayaona yamepangwa, moshi ukitoka, na pembeni marundo ya vipande vilivyovunjika ambavyo mwenye tanuru hana kazi navyo. Tofali lililoiva vizuri hufanya mambo makubwa mawili ya akadama: hunywa maji ndani ya punje na huacha hewa kati ya punje. Hata ile faida ya rangi ipo, kwa sababu wekundu wake hupauka likikauka.

Linapozidiwa ni kwenye mbolea. Moto hubadilisha mfinyanzi na kuupunguzia uwezo wa kushika virutubisho, hivyo ukitumia tofali tupu, mbolea itapita na maji. Pia mizizi hailipasui. Huzunguka punje tu. Linaposhinda ni kwenye umri. Akadama huvunjikavunjika kadiri miaka inavyokwenda na kuwa unga unaoziba nafasi za hewa. Baridi kali ya kuganda huharakisha hilo, na sisi huku kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari hatuna barafu ya kuogopa, lakini kulowa na kukauka kila siku nako kunailegeza. Tofali zuri halilegei. Ukibadilisha udongo baada ya miaka miwili au mitatu, lichekeche, lioshe, lianike, lirudi kazini.

Kisha kuna suala la mfuko. Akadama huuzwa sana katika mifuko ya lita 14, na mfuko mmoja unajaza vyungu vichache tu vya wastani. Ukiagiza, nauli itazidi bei ya udongo wenyewe. Tena udongo na mimea kutoka nje ni mambo ya udhibiti wa afya ya mimea, kazi ambayo nchini iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa hiyo usidhani ni kuuweka kwenye begi na kupita nao. Kama una mti mmoja wa thamani kubwa na fedha si tatizo, nunua. Kwa miti kumi ya kujifunzia, hapana.

Kuna tofali na tofali, na hapa ndipo penye kazi. Yaliyokaa nje ya tanuru mara nyingi hayakuiva: rangi ni ya chungwa iliyofifia, ukiyagonga yanatoa mlio mfu, na ukiyaloweka yanarudi kuwa udongo. Yaliyokaa jirani kabisa na moto wakati mwingine huungua kupita kiasi, yakawa meusi na kung'aa. Hayo hayanywi maji. Unataka ya katikati, mekundu ya kukolea, yanayolia vizuri yakigonganishwa. Kipimo cha mwisho: chukua punje kadhaa, ziloweke usiku kucha, asubuhi zifinye kwa vidole. Zikikuachia tope, rudisha.

Usichukue vipande vya nyumba iliyobomolewa vikiwa bado na saruji au chokaa. Saruji hupandisha ualikali wa udongo, mti unashindwa kufyonza madini ya chuma, na majani mapya yanatoka njano huku vena zikibaki kijani. Utamwaga mbolea mpaka uchoke.

Kuvunja, tumia nyundo na gunia. Loweka matofali kwanza, kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu, kama lilivyo vumbi la kokoto, na barakoa ya kitambaa peke yake haitoshi. Kisha chekeche mbili. Ya juu ni wavu wenye matundu ya milimita 6 hivi, ule wa mabanda ya vifaranga. Ya chini ni wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Kinachobaki juu ya wavu wa kwanza kirudi kwenye nyundo. Kinachopita wavu wa mbu ni unga. Mwaga kwenye bustani ya mchicha, kwenye chungu usiuweke kabisa. Kilichobaki katikati, cha kama milimita moja na nusu hadi 6, ndicho udongo wako. Mwenye miti midogo sana atachekecha tena apate punje za 2 hadi 4.

Ukikuta vigae vya vyungu vya kupikia vilivyovunjika, navyo ni vizuri, pengine kuliko tofali, kwa kuwa vyungu vya kienyeji huchomwa kwa moto mdogo na hubaki na vitundu vingi. Tatizo ni wingi: nani ana vyungu vilivyovunjika vya kujaza sado tano? Udongo wa kichuguu nao husifiwa sana. Ukiwa mbichi ni mfinyanzi, na hoja zote za mbuga zinauhusu. Mahali pake pazuri ni ndani ya tanuru, ukiwa tofali.

Mchanga wa ziwani na chenga za kokoto

Mchanga wa ziwani una faida moja juu ya ule wa Pwani: hauna chumvi. Ndugu zetu wa Tanga na Dar wakitaka kutumia mchanga wa ufukweni lazima waoshe mara nyingi. Sisi hatuna shida hiyo. Faida zinaishia hapo. Mchanga wa ufukwe wetu kwa kawaida ni laini, na mchanga laini ndani ya mchanganyiko wa punje kubwa hufanya kazi ileile ya unga wa tofali, yaani kuziba. Watu huongeza mchanga wakidhani wanaufungua udongo. Mchanga mwembamba ukiongezwa kidogo kwenye mfinyanzi unaufanya uwe mgumu zaidi, na fundi yeyote wa kukandika nyumba analijua hilo.

Kuna na suala la kuufuata. Maji ya kando ya ziwa ndiko wanakoishi konokono wanaobeba kichocho, hivyo kuingia miguu mitupu na ndoo kwa ajili ya chungu cha maua ni biashara mbaya. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukihitaji mchanga, nunua kwa wauza mchanga wa ujenzi, chagua ule mkavu wa mtoni wenye punje kubwa, na uchekeche. Katika ndoo nzima utapata kiasi kidogo kinachofaa. Mimi nauacha.

Chenga za kokoto ni habari nyingine. Mwanza ni mji wa granaiti, na wagonga kokoto wako kila upande. Chini ya mafungu yao hubaki vipande vidogo vya milimita tatu hadi sita ambavyo havifai zege kubwa. Havinywi maji ndani, vinaloa juu tu, na havishiki mbolea. Vinafanya kazi mbili: kuleta hewa na kuleta uzito. Uzito una maana kwa wanaoishi mlimani, kwenye upepo wa ziwa wa mchana unaoangusha mti wenye kichwa kikubwa ndani ya trei nyepesi. Kwa mti unaotaka kukauka haraka, kokoto ni nzuri. Kwa mti unaopenda maji, punguza mpaka sifuri. Na kama chungu chako kimekaa juu ya jabali lenyewe, kiondoe. Jabali hunywa jua mchana kutwa na hutema joto hadi usiku, na trei yenye granaiti ndani na granaiti chini yake hupika mizizi. Weka ubao au matofali mawili katikati.

Vile vyepesi

Chenga za mkaa ndizo kipenzi changu baada ya tofali. Muuza mkaa akimaliza gunia, zile zilizobaki chini hakuna anayezitaka. Ukimwomba vizuri anakupa, au anakuuzia kwa bei ya kirafiki. Zichekeche kama tofali na uzioshe mpaka maji yasiwe meusi. Ni nyepesi, zina vitundu vingi, haziozi, na zinasaidia kushika kidogo ile mbolea ambayo tofali linaiachia. Zikizidi robo ya mchanganyiko, udongo unakuwa mwepesi mno na mti unayumba kabla haujashika.

Pumba za mpunga tunazo tele, kila penye mashine ya kukoboa. Mbichi usizitumie: zikianza kuoza, vijidudu vya kuozesha hula naitrojeni ambayo mti ungeitumia. Zichome, lakini zisifike kuwa jivu. Namna inayojulikana ni kuwasha moto mdogo chini ya kopo kubwa lililotobolewa ubavuni, likiwa na bomba la bati la kutolea moshi, kisha kurundika pumba kulizunguka. Zinageuka nyeusi kutoka ndani kwenda nje. Zikiwa nyeusi zote, na kabla ya kuanza kuwa kijivu, mwagia maji mengi. Jivu jeupe ni la alikali kali, hutaki. Zilizobaki nyeusi huleta hewa na kushika unyevu vizuri kuliko mkaa, ila husagika mapema. Sehemu moja kati ya tano inatosha.

Samadi na mboji nitazipita haraka kwa sababu hoja ni fupi: ni chakula, si nyumba. Samadi iliyooza vizuri ikiwa ndani ya mchanganyiko kwa wingi hugeuka unga ndani ya mwaka mmoja na kuziba kila ulichokichekecha kwa jasho. Mboji ya majani iliyochekechwa, ile inayobaki juu ya wavu wa mbu, naikubali kwa kiasi. Magugu maji yaliyooza hutoa mboji nzuri ya bustani, lakini husagika kuwa laini sana. Yaache huko kwenye mchicha. Makumbi ya nazi, yale yanayouzwa yamegandamizwa kwenye maduka ya pembejeo, hushika maji vizuri na hayaozi upesi. Yanatoka Pwani na mara nyingine yana chumvi, kwa hiyo yaloweke na kuyakamua mara mbili tatu kabla ya kutumia.

Pamisi nayo ipo nchini, huko Rungwe mkoani Mbeya na kwenye maeneo mengine ya volkano. Ni lile jiwe jepesi ambalo wengine husugulia visigino. Ukipata mtu wa kukuletea gunia kutoka huko, ipokee kwa mikono miwili na uitumie badala ya kokoto au nusu ya tofali: ina hewa, inakunywa maji, na haina uzito. Mwanza hatuna volkano, na sidhani ni busara kuufanya mchanganyiko wako utegemee lori la Mbeya.

Sasa, nani anamwagilia?

Vipimo vyote hapa ni vya ujazo, kwa sado au kopo lolote, mradi litumike lilelile.

Ukiwa nyumbani asubuhi na jioni, na maji ya bomba hayakatiki mara kwa mara, unaweza kutumia udongo mkali, yaani wenye hewa nyingi. Kwa mikuyu na jamaa zake wote, pamoja na ule mfikasi wenye majani madogo unaouzwa kwenye vitalu: tofali tatu, chenga za mkaa moja, mboji iliyochekechwa moja. Jamaa hawa huota kwenye nyufa za majabali yetu bila kushikwa mkono na mtu, hivyo hewa hawaiogopi, wanaogopa tope. Ndio miti ya kuanzia, na ninawashauri wanaoanza waache miti mingine mpaka mkuyu mmoja uwe umemaliza nao misimu miwili ya mvua.

Ukiondoka saa kumi na mbili alfajiri na kurudi usiku, au maji kwenu ni ya mgao, mchanganyiko huohuo utakuumbua kati ya Juni na Septemba, pale upepo mkavu unapokausha trei kabla ya saa nane mchana. Kwako: tofali mbili, pumba zilizochomwa moja, makumbi au mboji moja. Chukua na chungu chenye kina zaidi, sentimita nane au kumi. Utapoteza kidogo mwonekano wa maonyesho, mti utabaki hai. Wapo wanaobaki na udongo mkali na kutegemea dada wa kazi au mtoto wa jirani amwagilie. Mtoto wa jirani humwagilia siku mbili, ya tatu yuko kwenye mpira.

Waridi la jangwani na mbuyu havijali kazi yako wala mgao. Tofali mbili, kokoto mbili, mkaa moja, mboji hakuna. Hivi vina maji yao shinani, na kinachoviua ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei viweke chini ya bati au baraza, hata kama udongo ni mzuri, kwa sababu hakuna udongo unaokauka wakati mvua inanyesha kila siku.

Bogonvilea huchanua vizuri ikiachwa ikauke kidogo kati ya maji na maji, kwa hiyo tofali tatu, kokoto moja, mboji nusu. Mizizi yake ni dhaifu, hukatika ovyo ukiihamisha, basi usiifumue kama unavyofumua ya mkuyu. Mkwaju ni mvumilivu: tofali tatu, kokoto moja, mboji moja. Mzambarau unapenda unyevu kuliko hao wote, na kwake ningechukua mchanganyiko wa mtu wa mgao hata kama niko nyumbani siku nzima.

Kwa kuwa michanganyiko hii ni ya tofali, haina akiba ya chakula. Mti ukiwa unatoa majani mapya, mpe kidogo na mara kwa mara. NPK ya 17:17:17 ya duka la pembejeo, gramu 5 kwenye maji ya lita 10, koroga, acha ituame, tumia maji ya juu kila baada ya wiki mbili. Au samadi kavu kwenye kifuko cha chandarua juu ya udongo, ambapo maji yatakuwa yanaipitia kila siku. Nzi watakuja. Ni gharama ya kufuga.

Kabla hujapanda

Jaribu mchanganyiko bila mti. Jaza chungu kilekile utakachotumia, mwagia mpaka uloe wote, kisha mwagia tena. Maji ya mara ya pili yanatakiwa yazame papo hapo na kutoka chini bila kusimama juu. Yakisimama, kuna unga umebaki. Rudi kwenye chekeche kabla ya kulaumu vipimo. Kiache chungu hicho mahali mti utakapokaa na uchomeke kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kichomoe asubuhi, mchana na jioni, ukiguse kwa mdomo wa juu, ambao huhisi unyevu kuliko kidole. Kikitoka kikavu kabla ya muda wako wa kurudi nyumbani, ongeza pumba au makumbi. Kikiwa bado kimeloa siku ya tatu ya jua, ongeza tofali au kokoto. Kijiti hicho kiache hapo hata baada ya kupanda.

Kuhamisha, subiri mvua za vuli, Oktoba au Novemba, hewa ikishakuwa na unyevu na mti una nguvu ya kuota mizizi mipya. Udongo uwe mkavu wakati wa kujaza, kwa sababu punje zilizoloa hushikana na kuacha mapango. Sukuma taratibu kwa kijiti mpaka punje ziingie katikati ya mizizi. Funga mti kwa waya kupitia matundu ya chini, maana kwenye udongo wa punje hauna cha kushikilia, na mti unaotikisika hukata mizizi yake mipya kila upepo wa ziwa unapopiga. Mkuyu mwagilia hapohapo, mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe. Waridi la jangwani liache kavu wiki nzima ili majeraha ya mizizi yafunge.